Wimbo Unapomrudisha Aliyekwenda Vitani

Katika karne ya 17 na ya 18 wafalme wa Ulaya walipenda kukodi askari kutoka Uswisi, kwa sababu walisifika kwa ushupavu. Hata hivyo madaktari wa zama hizo walikuwa na ugonjwa waliouhusisha na askari hao kuliko wengine. Kijana aliyesimama imara mbele ya mizinga alianza kukosa usingizi, akakataa chakula, akakonda, na hakuwa na jeraha wala homa ya kambini. Alikuwa amekumbuka kwao. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, aliuandikia ugonjwa huo tasnifu na kuupa jina aliloliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na moja la maumivu: nostalgia.

Muziki uliingia katika habari hiyo baadaye. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, aliandika kwamba wimbo wa wachungaji wa ng'ombe wa milima ya Alpi ulipigwa marufuku katika vikosi vya Waswisi, na adhabu yake ilikuwa kifo, kwa kuwa askari waliousikia walibubujikwa na machozi, wakatoroka au wakafa. Kisha akaongeza neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ukiuchunguza wimbo wenyewe, alisema, hutakuta ndani yake nguvu ya kufanya mambo makubwa namna hiyo, na mgeni akiusikia haguswi hata kidogo. Pale muziki haufanyi kazi kama muziki hasa. Unafanya kazi kama alama ya kumbukumbu.

Miaka zaidi ya 250 imepita na sijaona maelezo mafupi yanayoligusa jambo hili vizuri kuliko hayo. Lakini yanaacha fundo moja bila kulifungua. Mswisi yule alikuwa akikumbuka maisha yake mwenyewe. Je, mtu wa leo ambaye hajawahi kushika bunduki, anayesikia wimbo wa zamani redioni na ghafla koo linamkaba kwa sababu amemkumbuka babu yake aliyepigana, yeye anakumbuka nini? Vita hakuviona. Alivisoma shuleni kama wanafunzi wengine. Jirani aliyeketi kando yake anausikia wimbo uleule na anaendelea na mazungumzo yake. Mmoja ameguswa hadi machozi, mwingine hata hakugeuka.

Watu husema kwa mkato, "Wimbo huu unanikumbusha vita alivyopigana babu." Kauli hiyo imekusanya mambo ambayo hayafanani: kumbukumbu za babu mwenyewe, ambazo aliondoka nazo; kumbukumbu zetu juu ya babu, ambazo ni za nyumbani na huenda hazina hata bunduki moja ndani yake; na kumbukumbu ya taifa, yenye bendera na gwaride, ambayo tumefundishwa. Wimbo mmoja unaweza kuzigusa zote kwa pamoja, na hapo ndipo tunaposhindwa kujua kilichotutoa machozi.

Tuanze na ubongo, kwa sababu huko mambo yameanza kueleweka. Sauti ikiingia sikioni hufika kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulikia usikivu, lakini haiishii hapo. Inagusa amigdala, kifundo kidogo chenye umbo la lozi kinachopima hofu na hisia nyingine kali. Inagusa pia hipokampasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuunganisha tukio na mahali lilipotokea na watu waliokuwepo. Mwaka 2009 Petr Janata, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, alichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliwekwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakisikilizishwa vipande vya sekunde 30 vya nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana. Kipande kilipomkumbusha msikilizaji jambo la maisha yake, eneo fulani la mbele ya ubongo, katikati, nyuma ya paji la uso, lilichangamka zaidi. Na eneo hilohilo ndilo lililokuwa likifuatilia jinsi tuni ilivyohama na kurudi. Kwa maneno mengine, mwendo wa wimbo na habari za nafsi ya mtu vinashonwa pamoja mahali pamoja.

Eneo hilo pia ni miongoni mwa yanayochelewa kuharibika katika ugonjwa wa Alzheimer. Huenda ndiyo maana mzee aliyekwisha kusahau majina ya wanawe anaweza kuimba wimbo wa kambini tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na kwa dakika hizo chache macho yake yakawa ya mtu aliyepo. Familia zilizoyaona hayo hazihitaji picha ya ubongo kuamini.

Kuna jambo la pili, nalo ni umri. Wanasaikolojia wakiwauliza wazee kumbukumbu zao zilizo wazi zaidi, sehemu kubwa huangukia kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yao. Ni miaka ya mambo ya mara ya kwanza: mapenzi ya kwanza, safari ya kwanza ya mbali, mara ya kwanza kumwona mtu anakufa. Nyimbo za miaka hiyo hukaa kuliko nyimbo za miaka mingine yote. Sasa fikiria majeshi huandikisha watu wa umri gani. Vita humkuta kijana katika miaka ileile ambayo ubongo wake unaandika kwa wino usiofutika, na chochote kinachopigwa redioni miezi hiyo, hata kama ni wimbo wa kipuuzi wa kuchezea dansi, kinaandikwa pamoja na milio ya mizinga.

Tunachokirithi

Hayo yanamweleza babu. Mjukuu bado hatujamweleza.

Mwaka 2013 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake Justin Zupnick walichapisha matokeo ambayo nadhani hata wao yaliwashangaza. Waliwachezea vijana wa umri wa miaka kama 20 nyimbo zilizoongoza nchini Marekani tangu 1955 hadi 2009, wakawauliza ni zipi wanazitambua, zipi wanazipenda, zipi zinawaletea kumbukumbu zao wenyewe. Nyimbo za utoto na ujana wao ziliongoza, kama ilivyotarajiwa. Lakini kulikuwa na kilima kingine katika nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati vijana hao walikuwa hawajazaliwa na wazazi wao ndio waliokuwa vijana. Tena kikaonekana kilima cha tatu, kwenye nyimbo za miaka ya 1960, ambacho huenda kilitoka kwa mababu na mabibi, au huenda nyimbo za muongo ule zina mvuto wake zenyewe. Mzazi aliupenda wimbo alipokuwa na miaka 20, akaendelea kuupiga ndani ya nyumba, na mtoto akaunyonya pamoja na maziwa.

Hapa ndipo naona fundo linafunguka. Mtoto hupokea wimbo ukiwa umeshikamana na mtu anayeusikiliza. Watoto ni wapelelezi wa nyuso. Wanaona baba alivyoacha kutafuna wimbo fulani ulipoanza. Wanaona mama alivyonyanyuka kimya kimya kwenda kusimama karibu naye. Wanaona mkono unaopigapiga meza kwa mdundo, kisha ukasimama kabla wimbo haujaisha. Hakuna aliyewaambia lolote, na mara nyingi hakuna atakayewaambia, maana waliorudi kutoka vitani wengi wao hawasimulii. Lakini mtoto amejua kwamba ndani ya wimbo ule kuna chumba ambacho baba huingia peke yake na kufunga mlango.

Miaka 40 baadaye baba hayupo tena, wimbo unapigwa mahali fulani, na mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima analia. Anachokiona si uwanja wa vita. Anamwona baba yake akikumbuka. Ni kumbukumbu juu ya kumbukumbu, na hiyo ndiyo mali yake halisi, wala haina sababu ya kuitwa ya bandia kwa kuwa hakuwa mstari wa mbele.

Mimi ninayo ya kwangu. Babu yangu alikuwa na mluzi mmoja tu, tuni fupi ya mistari minne, na aliupiga wakati mmoja tu wa siku: alipoinama kufunga kamba za viatu. Alipomaliza kufunga, mluzi ulikatika, hata kama ulikuwa katikati ya mstari. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa mtu mzima niliposikia tuni ileile ikipigwa na bendi ya jeshi kwenye gwaride, watu mia kadhaa wakitembea kwa hatua moja, na nilijikuta nimeangalia chini, nikivitazama viatu vyangu.

Nyimbo zenyewe

Mtu anayeanza kuchunguza nyimbo za askari hushangaa kukuta kwamba zile zilizopendwa kuliko zote hazizungumzii vita. Mfano unaojulikana sana ni Lili Marleen. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1915 na Hans Leip, askari wa Kijerumani aliyekuwa akingoja kupelekwa mstari wa mbele dhidi ya Warusi. Norbert Schultze aliutungia muziki mwaka 1938, na Lale Andersen akaurekodi mwaka 1939. Mwanzoni haukupata wanunuzi wa maana. Mwaka 1941 kituo cha redio cha Belgrade, kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani, kilianza kuurusha usiku, na mawimbi yake yalifika mbali, hadi jangwa la Afrika Kaskazini. Huko walikuwako askari wa pande mbili, na wote waliutegea redio. Waingereza waliuchukua ukawa wao pia.

Unasema nini wimbo huo? Kwamba kuna taa nje ya lango la kambi, na chini ya taa kuna msichana. Basi. Hauna adui wala ushindi. Aliyekuwa jangwani hakuhitaji kuimbiwa vita. Vilikuwa mbele yake mchana kutwa. Alihitaji kitu cha kumwonyesha ambako hakuwako. Kwa hiyo kuna familia upande huu na familia upande ule, zilizopoteza watoto wao kwa risasi za kila mmoja, ambazo zinaweza kuukalia kimya wimbo mmoja, kila moja kwa ajili ya mtu wake. Hilo ni la kuwaambia wanaodhani kwamba wimbo wa vita lazima uchukue upande.

Nyimbo za kwata ni jamii nyingine. Hizi huingia kwa miguu. Katika majeshi mengi mwendo wa kawaida wa gwaride ni hatua karibu 120 kwa dakika, na mtu aliyetembea kwa mwendo huo kwa miezi, akiimba, ameuweka wimbo mahali pamoja na kuendesha baiskeli au kuogelea: katika kumbukumbu ya mwili, ile isiyohitaji maneno. Naamini huko ndiko ulikokuwa mluzi wa babu. Kufunga kamba za viatu kulikuwa mwanzo wa safari, na mwili ulijua kinachofuata.

Askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na ambalo kwa Kiswahili liliitwa Keya, walikuwa na wimbo wa safari wa kuitikiana. Mmoja anatangaza kwamba tufunge safari, kikosi kinauliza ni kwa amri ya nani, na jibu linakuja kwamba ni amri ya bwana kapteni, amri ya Keya. Ukiusoma kwenye karatasi utaona ni utii mtupu, tena utii kwa mkoloni, na wapo wanaoudharau kwa sababu hiyo. Ninaielewa dharau hiyo. Lakini wimbo wa kuitikiana hauwezi kusomwa kwenye karatasi. Aliyeuimba njiani, katika vita vya kwanza vya dunia huku Afrika Mashariki au katika vita vya pili huko Uhabeshi, Madagaska na Burma, alisikia ndani yake sauti ya mtu aliyetembea mbele yake na ya mtu aliyetembea nyuma yake. Walioitikia jana, leo wengine hawaitikii. Mzee anayeuimba peke yake kibarazani anauliza swali kisha anajijibu mwenyewe, na mjukuu aliye karibu anasikia pengo lililo katikati hata kama hajui ni la nini.

Halafu kuna tarumbeta, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna sauti nyingine iliyofungamana na wafu wa vita kama hiyo. Tarumbeta ya jeshi haina vitufe vya kubonyeza. Mpigaji hubadilisha sauti kwa midomo na pumzi tu, na hupata noti chache zilizoachana mbalimbali, kama ngazi iliyong'olewa vipago vingi. Ndiyo maana milio yake inafanana duniani kote na inasikika kuwa ya wazi, kana kwamba kuna nafasi kubwa kati ya noti na noti. Kazi yake ya asili ilikuwa ratiba: amka, kuleni, kusanyikeni, laleni. Mlio wa Waingereza uitwao Last Post ulitangaza kwamba walinzi wote wamekwisha kukaguliwa na kambi imefungwa kwa usiku. Ule wa Wamarekani uitwao Taps, wenye noti 24, ulipangwa mwaka 1862 na Jenerali Daniel Butterfield akiwa Virginia, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nao ulikuwa wa kuzima taa. Yote miwili ikahamia makaburini. Askari aliyezoea kulazwa kwa mlio ule kila usiku alizikwa kwa mlio uleule, na wenzake waliosimama kando ya kaburi waliusikia kwa miili iliyozoea kuusikia kitandani.

Mjini Ypres, Ubelgiji, liko lango la kumbukumbu la Menin, lililofunguliwa mwaka 1927. Limeandikwa majina ya zaidi ya askari 54,000 wa Uingereza na himaya yake waliopotea katika mapigano ya eneo hilo na ambao hawana kaburi linalojulikana. Tangu 1928 wapiga tarumbeta wa mji huo walianza kupiga Last Post chini ya lango saa mbili usiku, na desturi hiyo ikawa ya kila siku. Jeshi la Ujerumani lilipoukalia mji mwaka 1940 mlio ulikoma. Tarehe 6 Septemba 1944 askari wa Poland waliingia kuukomboa, na jioni ileile, wakati bado mapigano hayajaisha katika sehemu nyingine za mji, tarumbeta ilipigwa tena langoni. Fikiria ni nani aliyepanda pale na tarumbeta mkononi huku risasi zikilia. Kwake, majina yale ukutani yalikuwa yamengojeshwa vya kutosha.

Baada ya mlio kuna kimya. Watu huchukulia kimya hicho kama mapumziko, na mimi nadhani ndicho kilicholengwa tangu mwanzo. Noti ya mwisho inapofifia, sikio linaendelea kungoja, na katika kungoja huko kila mmoja anamweka mtu wake. Tarumbeta haina maneno, kwa hiyo haimlazimishi yeyote kumkumbuka shujaa wa taifa badala ya kaka yake.

Muziki mwingine umefika kwenye kumbukumbu za vita kwa njia ya kuzoeleka tu. Kipande cha mtunzi Mwingereza Edward Elgar kiitwacho Nimrod, cha mwaka 1899, kilikuwa picha ya rafiki yake August Jaeger, mtu aliyekuwa hai, aliyefanya kazi kwa mchapishaji wa muziki. Leo kinapigwa London kila mwaka katika Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na Mwingereza anayekisikia huwaona wafu. Rousseau asingeshangaa. Alama hupewa maana na wanaoitumia.

Wasiopigiwa tarumbeta

Kuna majina ukutani, na kuna wasio na ukuta. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakilitumikia jeshi la himaya katika vita vya kwanza vya dunia na mara tu baada yake hawakukumbukwa kwa majina, na wengine huenda hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Walikuwa askari, na zaidi walikuwa wapagazi waliobeba risasi, chakula na majeruhi vichwani na mabegani, na waliouawa na ugonjwa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Familia ya mtu kama huyo haina tarehe ya kufa wala mahali pa kuweka ua. Kwa watu hao wimbo si nyongeza ya kumbukumbu, maana hakuna kingine kilichobaki. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ilisambaa bara wakati wa vita hivyo na baada yake, ikipelekwa na askari na wapagazi wenyewe. Ilikuwa na vyeo vyake, sare zake, amri zake na mwendo wa gwaride. Maofisa wa kikoloni waliitazama, baadhi kwa kucheka na baadhi kwa wasiwasi. Wachache walifikiri kwamba labda waliocheza walikuwa wakipanga tena mistari ambayo nusu yake haikurudi. Sidai kwamba kila aliyecheza beni alikuwa akiomboleza. Watu walicheza kwa furaha, kwa ushindani na kwa fahari. Ila mjane aliyesimama pembeni na kuona mguu ukinyanyuliwa kwa namna ambayo mumewe alikuwa ameifundishwa, huyo alikuwa na ukuta wake wa majina, na ulikuwa ukitembea.

Wimbo hudanganya pia

Ni lazima niseme hili, maana nalipenda jambo hili na sitaki kulipamba. Wimbo hutupa uhakika wa hisia, na sisi huuchukua kama uhakika wa habari. Utamkuta mtu anayeapa kwamba babu yake alikuwa akiimba wimbo fulani akiwa mahandakini, kumbe wimbo huo ulitungwa miaka kumi baada ya vita kwisha. Hasemi uongo. Kila mara tunapoikumbuka kumbukumbu tunaijenga upya kwa vifaa tulivyo navyo siku hiyo, na filamu tulizoziona zimetuachia vifaa vingi. Muziki wa filamu huweza kuukalia wimbo halisi wa babu hadi ukautoa nje kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuijua historia ya ndugu yake aanze na wimbo, kisha atafute mwaka ulipotungwa, kikosi kilikuwa wapi mwaka huo, na barua au picha zinasema nini. Wimbo ni mlango mzuri. Ushahidi uko ndani zaidi.

Na wimbo huumiza. Tunaobaki nyumbani tunapenda kudhani kwamba kumchezea mzee wimbo wa ujana wake ni zawadi. Kwa wengi ni zawadi kweli. Lakini kwa aliyebeba kiwewe, wimbo hauji kama kumbukumbu ya jambo lililopita. Unakuja kama jambo lenyewe, na moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, mwili unatafuta pa kujificha. Anaponyanyuka na kutoka chumbani, asifuatwe kwa maswali, wala asiambiwe kwamba ni wimbo tu. Ninaona jambo dogo linasaidia: kitufe cha redio kiwe karibu na mkono wake, si mkono wetu. Aamue yeye kuuwasha na kuuzima. Na siku akitaka kusema, swali la "uliua?" lifungiwe mbali. Muulize alikuwa wapi alipousikia wimbo huu kwa mara ya kwanza, na alikuwa na nani. Maswali hayo mawili yanafungua mengi, kwa sababu yanamwendea njia ileile ambayo wimbo ulimwendea: mahali na watu.

Andika anachosema, au kirekodi kwenye simu, pamoja na kupumua kwake na makosa yake. Mimi ningetoa mengi leo kupata nusu dakika ya ule mluzi.

Wapo ndugu waliokwenda mbali zaidi ya kusikiliza, wakatunga. Rasul Gamzatov, mshairi wa Dagestan, kusini mwa Urusi, aliyeandika kwa Kiavari, lugha ya huko, alipoteza kaka zake wawili katika vita vya pili vya dunia. Mwaka 1965 alikuwa Hiroshima, ambako alisimama mbele ya mnara wa Sadako Sasaki, msichana aliyekufa kwa athari za bomu na aliyekuwa akikunja karatasi kuwa ndege aina ya korongo. Kutokana na safari hiyo alitunga shairi la askari waliokufa ambao hawakulala ardhini, wakageuka korongo weupe angani. Naum Grebnev alilitafsiri kwa Kirusi, Yan Frenkel akalitungia muziki, na mwimbaji Mark Bernes alilirekodi mwaka 1969 akiwa tayari ni mgonjwa. Alifariki mwezi Agosti mwaka huohuo. Katika shairi kuna pengo dogo katikati ya kundi la ndege wanaoruka, na anayeimba anahisi pengo lile ni nafasi yake. Hakuna jina la vita wala la nchi, na kwa hiyo kila familia imepata mahali pa kuingia. Leo korongo hao wamechongwa kwenye minara mingi ya wafu wa vita.

Maurice Ravel, mtunzi wa muziki Mfaransa, alifanya vingine. Alikuwa mdogo wa umbo na jeshi la Ufaransa lilimkataa, akasisitiza hadi akapewa kuendesha lori karibu na Verdun, mahali pa mapigano makubwa. Kati ya 1914 na 1917 aliandika vipande sita vya piano viitwavyo Le Tombeau de Couperin, kila kimoja kwa ajili ya marafiki waliouawa. Kimoja ni cha ndugu wawili wa familia ya Gaudin, waliouawa siku moja na kombora moja. Vitatu kati yake ni vya mtindo wa dansi za kale, vyepesi, vingine vina furaha. Waliotarajia maombolezo hawakuyapata. Ravel aliwakumbuka rafiki zake jinsi walivyokuwa, na walikuwa vijana.

Kipande cha mwisho, Toccata, aliandika kwa kumbukumbu ya Joseph de Marliave, mtaalamu wa muziki aliyeuawa Agosti 1914, vita vikiwa na majuma machache tu. Mke wake alikuwa mpiga piano, Marguerite Long. Tarehe 11 Aprili 1919, mjini Paris, ndiye aliyeketi kupiga vipande vyote sita mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Toccata ni ngumu na ya kasi. Noti moja hurudiwarudiwa mikono ikipokezana, na tangu mwanzo hadi mwisho vidole havipati mahali pa kupumzika.